Umetumwa safari? Hesabu milango kabla ya kulala

Ndugu mfanyakazi, leo ukurasa huu hautasema juu ya kofia wala viatu vya kazi. Utasema juu ya kitanda. Siyo kitanda chako cha nyumbani, bali kile cha hoteli ya barabarani, siku ile mkubwa wa kazi atakapokutuma kufuata vipuri ng'ambo ya mpaka, ao kujifunza mashine mpya huko Ulaya.

Hoteli hizo umezilala, ao umeona picha zake: nyumba ndefu kando ya barabara kubwa, jina lenye taa juu, motokari zimepangwa mbele. Mmarekani mmoja, Kemmons Wilson, ndiye aliyezieneza sana. Mwaka 1951 alisafiri na mke wake na watoto 5 kutoka Memphis mpaka Washington, akakasirika njia nzima, kwa sababu kila penye kulala walimdai dola 2 zaidi kwa kila mtoto. Alipofika kwake akajenga yake. Holiday Inn ya kwanza ilifunguliwa Memphis mwaka 1952, na watoto walilala bure pamoja na wazazi wao. Huko Ufaransa, Paul Dubrule na Gérard Pélisson walifungua Novotel ya kwanza karibu na Lille mwaka 1967. Kampuni ya Protea ilianza Afrika Kusini mwaka 1984, ikafika hata Chingola, Zambia, si mbali na Kasumbalesa yetu.

Shauri la hoteli hizi ni moja: chumba kiwe kile kile popote. Mtu wa safari anafika usiku, amechoka, lakini anajua kitanda kiko wapi, dusi iko wapi, mahali pa kuwasha taa ni wapi. Hilo ni jambo jema, tusilidharau. Dereva aliyelala vizuri hasinzii asubuhi kwenye usukani.

Lakini mtego uko hapo hapo. Ukiisha kujua chumba, unadhani umejua nyumba yote. Sivyo. Kitanda kiko mahali pale pale, lakini ngazi ya kutokea haiko. Mjini humu iko kushoto, mji mwingine iko nyuma, na pengine mlango wake umezibwa na masanduku ya bia. Unaweza kuwa umelala mara 10 katika hoteli za jina hilo, na usijue njia ya kukimbilia katika hii ya leo.

Unaona ni maneno ya kutisha watu? Sikia basi habari ya Las Vegas, Marekani. Hoteli ya MGM Grand haikuwa nyumba ndogo ya barabarani. Ilikuwa kubwa sana na ya kifahari. Tarehe 21 Novemba 1980, asubuhi, moto ulianzia chini, upande wa restora, kwa sababu ya nyaya za umeme. Watu 85 walikufa. Wengi wao hawakuguswa na moto hata kidogo. Walikuwa ghorofa za juu, na moshi ulipanda kwa ngazi, kwa mashimo ya asanseri na kwa njia za hewa. Wengine walikutwa wamekufa ndani ya asanseri. Baadaye, sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ilitaka watumishi wa serikali walioko safarini walale katika hoteli zenye vyombo vya kugundua moshi. Na ikiwa nyumba inapita ghorofa 3, iwe pia na mabomba ya kunyunyiza maji toka darini.

Wewe wa chini ya udongo, moshi na gazi si wageni kwako. Huingii katika njia ya mgodi bila kujua pa kutokea kwa pili. Kwa nini basi ukivaa suti uache akili hiyo nyumbani?

Ukifika, omba chumba cha ghorofa za chini. Weka valizi, usivue viatu bado. Toka mlangoni, tafuta ngazi ya moto, na uhesabu milango toka kwako mpaka pale: mmoja, miwili, mitatu. Katika moshi macho hayafai kitu. Mkono unaopapasa ukuta ndio utakaohesabu. Sukuma mlango wa ngazi uone kama unafunguka. Ukiwa umefungwa kwa kufuli, shuka umwambie mtu wa mapokezi, bila haya. Chumba kimelipwa.

Usiku weka ufunguo na taa ya mkono karibu na kichwa. (Na kama hoteli iko kwenye mbu, dai chandarua. Mashine ya baridi haizuii malaria.)

Ikilia kengele, gusa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kufungua. Hauna moto? Chukua ufunguo, toka, funga mlango nyuma yako, tambaa chini penye hewa, uende kwenye ngazi, siyo kwenye asanseri. Mlango una moto? Baki ndani. Lowesha mataulo uzibe chini ya mlango, zima mashine ya hewa, piga telefone useme namba ya chumba, na utikise shuka dirishani waokoaji wakuone.

Mama, nawe kama umesafiri pamoja naye, patanani kabla ya kulala: nani atabeba mtoto mdogo, nani atashika mkono wa mkubwa. Ukiwa umebaki nyumbani, muulize kwa telefone jina la hoteli na namba ya chumba, uviandike.

Mkiisha kutoka, simameni mbali, pale penye motokari, mpaka majina yote yaitwe. Valizi iacheni.