Bwana Lartigue na Mtego wa Macho

Watu wengi hudhani ya kuwa picha zenye sifa hupigwa na mafundi walioishika kazi hiyo ili wapate riziki. Bwana Jacques-Henri Lartigue, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1894 katika mji wa Courbevoie karibu na Paris, hakuwa fundi wa namna hiyo. Yeye alikuwa mchoraji wa picha za rangi, na kamera ilikuwa furaha yake tu. Hata hivyo aliacha picha zipatazo 100,000.

Mwenyewe alisimulia kwamba utotoni, kabla hajapata kamera, alibuni mchezo aliouita mtego wa macho. Alifumbua macho na kuyafumba upesi, akiamini ya kuwa yote aliyoyaona yamenaswa ndani, pamoja na rangi na sauti zake. Haukupita muda mrefu akatambua kwamba mtego haukunasa kitu, akahuzunika sana. Mwaka wa 1902 baba yake, mtu tajiri aliyependa picha, alimpa kamera ya mbao yenye kusimama juu ya miguu mitatu. Mtoto alilazimika kupanda juu ya kigoda ili aitumie.

Kamera hiyo ilitumia vioo vilivyopakwa dawa ishikayo nuru. Watu walipaswa kutulia kimya, la sivyo nyuso zao zilitoka kama moshi. Lakini mtoto huyu alipenda mambo yendayo mbio. Alipopata kamera ndogo ya mkononi, yenye kufunguka na kufungwa kwa nukta moja ya kope, alimpiga picha binamu yake, aliyeitwa Bichonnade, akiruka ngazi za nje ya nyumba. Mwaka ulikuwa 1905. Katika picha hiyo yule mwanamke anaelea hewani na gauni lake refu, wala miguu yake haigusi jiwe. Yafaa kujua kwamba mtu arukaye hupungua mwendo afikapo juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka. Mpiga picha mwenye subira huungoja wakati huo.

Picha yake ya mashindano ya magari, iliyopigwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ni ya ajabu zaidi. Gurudumu la gari limekuwa kama yai lililolalia mbele, na watazamaji wanaegemea nyuma kama migomba katika upepo. Sababu yake ni hii. Ndani ya kamera mlikuwa na pazia lenye ufa mwembamba, lililopita mbele ya kioo na kukipa nuru sehemu moja baada ya nyingine. Chini ya gurudumu palinaswa kwanza. Ufa ulipofika sehemu ya juu, gari lilikuwa limekwisha kusogea. Lartigue naye aligeuza kamera kulifuata gari, ndiyo maana watu waliosimama wakalalia upande wa pili. Isitoshe, sehemu ya gari ilikatwa ukingoni. Kwa miaka mingi aliihesabu picha hiyo kuwa imeharibika. Leo ni miongoni mwa zile zinazojulikana sana.

Umaarufu ulimjia akiwa na umri wa miaka 69, jumba la makumbusho la Museum of Modern Art mjini New York lilipoonyesha picha zake mwaka wa 1963. Mwaka wa 1979 alizitoa kwa serikali ya Ufaransa, na mwaka wa 1986 akafariki dunia mjini Nice.

Wako wanaomlaumu kwa kuonyesha karibu raha tupu, ingawa aliishi katika vita viwili na mali ya jamaa zake ikapungua. Lawama hiyo ina ukweli kidogo. Lakini mtu huyu hakuwa akiandika habari za nchi. Alikuwa akiziba tundu la mtego wake wa utotoni. Ndiyo maana hakuziacha picha ndani ya masanduku bila majina. Alizibandika katika vitabu vikubwa zaidi ya 100, na kila siku aliandika katika daftari yale aliyoyafanya, akachora kwa kalamu picha alizozipiga, akaongeza na hali ya hewa ya siku ile.