Kibali cha Ujenzi Huanzia Kwenye Kiwanja

Katika miji ya Tanzania yenye hadhi ya manispaa, kama vile Iringa, Songea na Bukoba, kuanza kujenga bila idhini ya maandishi ya halmashauri ni kosa, hata kama mwenye nyumba anajenga katika ardhi aliyoinunua kwa fedha yake. Idhini hiyo ndiyo kibali cha ujenzi, na msingi wake mkuu kisheria ni Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007.

Waombaji wengi hudhani kwamba ugumu uko kwenye ramani ya nyumba, kwa hiyo humkimbilia msanifu majengo, ilhali jambo la kwanza ambalo ofisi ya mipango miji hulichunguza ni kiwanja. Ofisa hukitafuta kwa namba yake na ya kitalu katika mchoro wa mipango miji, yaani ramani iliyoidhinishwa inayoonyesha ni kipande kipi kimetengewa makazi, biashara, shule au barabara, kisha huilinganisha na hati miliki ya mwombaji. Hapa ndipo majalada hukwama. Hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa huthibitisha kwamba fedha zimelipwa, lakini haithibitishi kwamba eneo limepimwa. Na lisipopimwa, mnunuzi hujikuta akisubiri urasimishaji, ambao ni kazi ya kuyapanga na kuyapima makazi yaliyokwisha kujengwa kiholela. Anayetaka kuweka duka mahali palipotengewa makazi naye hana budi kuomba kwanza kubadilisha matumizi ya ardhi, ombi ambalo hutangazwa ili majirani wenye pingamizi wapate kusikilizwa.

Kiwanja kikikubalika, michoro hupitia kwa wataalamu mbalimbali, akiwamo mhandisi anayekagua msingi na nguzo. Ofisa afya ndiye hudharauliwa kuliko wote, tena bila haki, kwa kuwa ndiye anayeuliza shimo la maji taka litachimbwa wapi, litakuwa mbali kiasi gani na kisima cha jirani, na kama gari la kunyonya maji taka litaweza kulifikia baada ya uzio kujengwa. Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kirahisi ikiwa bado iko kwenye karatasi. Zege likishamwagwa, familia nzima huishi nayo.

Kibali kikitoka, ukaguzi huendelea, hasa wa msingi kabla haujafukiwa. Nakala ya michoro iliyogongwa muhuri huwekwa mahali pa ujenzi, ili mkaguzi aweze kupima nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na bikoni, yaani jiwe la mpaka lililowekwa na mpima ardhi. Bikoni ikiwa imeng'olewa na lori la mchanga, vipimo vyote hukosa mahali pa kuanzia, na mwenye nyumba hulazimika kumwita mpima ardhi upya kabla fundi hajapanga tofali jingine.