Msimu wa Zabibu katika Bonde la Douro

Ifikapo mwezi wa Septemba, msafiri apandaye gari la moshi mjini Porto, nchini Ureno, na kuufuata mto Douro hadi Pinhão, ambako kuta za stesheni zimepambwa kwa vigae vya buluu vyenye taswira za mavuno, huona milima iliyochongwa matuta mfano wa ngazi, na juu yake wachumaji walioinama, mikasi mikononi, kwa kuwa miteremko mingi ni mikali mno hata mitambo haiwezi kuipanda. Mipaka ya mashamba haya ilianza kuwekwa mwaka 1756, zama za waziri Marquês de Pombal.

Jioni, katika baadhi ya mashamba, zabibu humiminwa ndani ya birika pana la mawe, na watu, wameshikana mabega, huzikanyaga kwa miguu mitupu, taratibu kama askari wa gwaride, hata mapaja yakaingia rangi ya zambarau. Kabla utamu wote haujageuka kileo, hutiwa pombe kali ya zabibu, uchachukaji ukasita, sukari ikabaki. Ndiyo siri ya mvinyo wa Porto. Na hilo neno mvinyo, kwa hakika, sisi tulilipata kwa Wareno hao hao.