Njia za Roho na Kujitambua: Habari za Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Neno "kujitambua" hutumika sana siku hizi, na mara nyingi hufahamika kama kazi ya mtu mmoja anayejitenga na watu ili auchunguze moyo wake. Katika makala haya twataka kulipima wazo hilo kwa habari za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa. Tutaona kwamba huko ibada haikuwa njia ya kumwondoa mtu kati ya wenzake, bali njia ya kumwonyesha mahali pake kati ya walio hai na waliotangulia.

Nchi yenyewe ni ya namna mbili. Juu milimani wakaa Wamatengo, wakulima mashuhuri wa mashimo ya ngoro, yanayozuia udongo usichukuliwe na maji ya mvua. Chini ziwani, kuanzia upande wa Lituhi kupita Liuli hata Mbamba Bay, wakaa hasa Wanyasa, ambao maisha yao yanategemea uvuvi na mihogo. Zamani zote mbili zilikuwa katika wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 sehemu ya ziwani imekuwa wilaya ya Nyasa.

Yafaa tuanze na maneno. Kiswahili kilipata "nafsi" na "roho" kutoka Kiarabu. Neno la Kibantu "mzimu" likabaki na maana ya kutisha: ni roho ya mfu, tena ambayo watu huiogopa. Lakini ng'ambo ya ziwa, katika Kichewa, Wakristo humwita Roho Mtakatifu "Mzimu Woyera". Basi neno moja, likivuka maji, ladha yake hubadilika. Mtu wa Mbamba Bay mwenye ndugu Malawi huzisikia maana zote mbili, naye hana sababu ya kudhani kwamba kumkumbuka mzee aliyekufa ni jambo la giza tu.

Wamatengo na jirani zao Wangoni huziita roho za wazee "mahoka", na Mungu aliye juu ya yote humwita Chapanga. Kiini cha tambiko ni kuwataja wazee kwa majina. Tusilione jambo hilo kuwa dogo. Kijana asikiaye majina yale hujifunza kwamba hakujizaa mwenyewe, kwamba shamba alilimalo lilifyekwa na mtu mwenye jina, na kwamba siku moja naye atatajwa, kwa heri au kwa aibu. Hayo ni maarifa juu ya nafsi yake, ingawa hakuyapata kwa kujitazama.

Umatengoni palikuwa tena na desturi iitwayo sengu. Watu wa ntambo moja, yaani ukoo ulioshika mgongo mmoja wa mlima kati ya vijito, walikula pamoja, wakazungumza mambo ya ukoo, wakaamua magomvi na kuwaonya vijana. Sengu si ibada kwa maana kamili ya neno, lakini ilikamilisha kazi ya tambiko. Lile lilimweleza mtu ametoka kwa nani. Hili lilimweleza wenzake wanamwonaje. Mwenye choyo aliusikia uchoyo wake ukitajwa mbele ya chakula. Desturi hiyo ilififia baadaye, hata katika miaka ya 1990 na iliyofuata wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Kijapani, wakaiona kuwa yafaa kufufuliwa kwa maendeleo ya vijiji.

Ama Ukristo, uliingia kwa milango miwili. Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898, wakaenea mpaka Umatengoni. Ziwani walikuja Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu, na kati yao William Percival Johnson, aliyefika ziwani mwaka 1882. Ingawa macho yake yaliharibika sana kwa maradhi, alitembea mwambao ule kwa miaka mingi na kutafsiri Biblia katika Kinyanja. Alifariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko.

Misheni zote mbili zilileta jambo jipya: mtu kuichunguza dhamiri yake kwa siri na kuyaungama makosa ambayo hata sengu isingeyajua. Hapo upweke ulipata kazi yake, wala haifai kuudharau. Hata hivyo maungamo hayakuishia moyoni. Aliyeiba alitakiwa kurudisha. Aliyegombana na ndugu alitakiwa kupatana naye. Njia iliyomwingiza mtu ndani ya nafsi yake ndiyo iliyomrudisha kwa jirani.

Lakini haifai kusifu kila kitu kiitwacho cha roho. Katika miaka ya 1950 na 1960 sifa za mganga Chikanga wa Rumphi, kaskazini mwa Malawi, zilienea hata kusini mwa Tanganyika, na watu wengi walisafiri kwenda kwake. Baadhi yao walikwenda kwa sababu jirani zao waliwatuhumu uchawi. Mtu wa namna hiyo hakwenda kujitambua. Alikwenda kuambiwa yeye ni nani, kwa kauli asiyoweza kuihoji. Jamii iliyo kioo cha mtu yaweza pia kuwa kioo kilichopinda.

Kwa hiyo kuitwa kwa ibada ya wazee au ya kanisa, ya siri au ya wengi, hakutoshi kuipima. Yatupasa kuuliza mambo matatu. Je, mtu amepewa nafasi ya kujibu? Je, ameonyeshwa wajibu wake, au hatia tu? Na je, akitoka hapo aweza kukaa tena na watu wake? Maswali hayo yawahusu hasa vijana waliohama Mbinga na Nyasa kwenda Songea na Dar es Salaam, ambako hakuna ntambo wala mzee wa kutaja majina. Hao hawawezi kuichukua sengu mabegani. Lakini wanaweza kukutana, kula pamoja, kuwataja waliowatangulia, na kuambiana kweli; na palipo na hayo, mtu hapotewi na nafsi yake.