Je, Wajua Kinachochelewesha Noti?

Mcharaza litungu wa Kabuchai akigusa uzi, sauti hutoka papo hapo. Chomeka kibodi ya muziki kwenye laptopu, nayo noti huenda ikafika wakati kidole kishahamia kwingine. Hii ni kwa sababu kompyuta hutoa sauti kwa mafungu ya sampuli. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu la 1,024 huchukua milisekunde 21, sawa na kupiga ala huku spika ikiwa mita 7 kutoka ulipo. Shusha hadi 128 na uchelewaji unabaki chini ya milisekunde 3. Ukishusha mno, kichakataji huzidiwa na sauti huanza kukwaruza.

Basi unaponunua kadi ya sauti ya nje, Bungoma mjini au Kitale, usihesabu matundu kwanza. Ulizia draiva, programu inayoiunganisha kadi na kompyuta, maana ndiyo huamua unaweza kushusha fungu hadi wapi bila sauti kukwaruza. Kwenye Windows, tafuta kadi yenye draiva yake yenyewe ya ASIO, mfumo ulioletwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997. Mac ina Core Audio tayari. USB 2 yatosha kabisa. Swichi ya kujisikiliza moja kwa moja humfaa mwimbaji mwenye maikrofoni, lakini haikusaidii wewe, maana sauti ya ala yako huzaliwa ndani ya kompyuta.

Ijaribu hapo hapo dukani kwa mlio wa ngoma. Fidla huanza polepole na huficha uchelewaji. Ngoma haifichi kitu.