Santuri Iliyojengwa kwa Makosa

Tarehe 7 Machi 1983, Factory Records, kampuni ndogo ya mjini Manchester, Uingereza, ilitoa sokoni santuri ya inchi 12 yenye wimbo uitwao "Blue Monday", kazi ya bendi ya New Order. Na tajiri yeyote mwenye kuijua biashara ya muziki, lau angaliombwa shauri kabla ya siku hiyo, angalikataza karibu kila jambo lililofanywa. Wimbo ulichukua dakika saba na nusu, ilhali redio za zama zile zilizoea nyimbo za dakika tatu au nne. Haukuwa na kiitikio. Mwimbaji hakufungua kinywa mpaka dakika mbili zilipokwisha kupita. Na jaladani hapakuandikwa jina la bendi wala la wimbo. Fauka ya hayo, haukutolewa kwa santuri ndogo ya inchi 7, ambayo ndiyo aghalabu iliyonunuliwa na vijana.

New Order ilikuwa mabaki ya bendi nyingine. Joy Division, iliyosifika miongoni mwa bendi zilizozaliwa baada ya vumbi la panki kutua, ilimpoteza mwimbaji wake Ian Curtis, aliyejitoa uhai tarehe 18 Mei 1980 akiwa na umri wa miaka 23, katika mkesha wa safari yao ya kwanza ya Marekani. Waliobaki, Bernard Sumner, Peter Hook na Stephen Morris, walibadili jina, wakamwongeza Gillian Gilbert kwenye vinanda, na walipofika New York wakaingia katika madisko ya mji ule na kusikia muziki ambao wafuasi wa panki waliuona upuuzi mtupu. Sumner hakuficha alikochota: mapigo ya Donna Summer, besi ya Sylvester, na mpango wa wimbo wa Klein na MBO kutoka Italia. Hata ile sauti ya kwaya inayopita kama ya mazishi ilichukuliwa kutoka santuri ya Kraftwerk wa Ujerumani. Mimi siuoni huo kuwa wizi. Mtunzi anayetaja waziwazi wadai wake amekwisha kulipa nusu ya deni.

Nia yao ya awali haikuwa tukufu. Hawakupenda kurudi jukwaani kupiga wimbo wa nyongeza baada ya tamasha, ingawa mashabiki walikasirika wasiporudi, basi wakawaza kutunga kitu ambacho mashine zingekipiga zenyewe kwa kubonyezwa kitufe kimoja, wao wakiwa nyuma ya pazia. Mashine zenyewe, hata hivyo, zilikuwa ngeni kwao. Ile ya ngoma ilikuwa Oberheim DMX. Ile iliyopanga mfuatano wa noti Sumner aliiunganisha kwa mkono wake, kipande kwa kipande, kwa vifaa vilivyouzwa kwa mafundi wa nyumbani. Na hapakuwa na njia rahisi ya kuzifanya zisikilizane. Husimuliwa kwamba mapigo ya kwanza ya ngoma, ambayo wenyewe waliyaona bora kuliko haya tuyajuayo, yalipotea kwa sababu Morris aliuchomoa waya kwa bahati mbaya.

Lakini kosa lililozaa matunda lilikuwa la Gilbert. Alipewa kazi ya kuingiza wimbo mzima katika mashine, noti moja baada ya nyingine, naye akaziandika zote katika karatasi alizogandisha moja kwa nyingine hata zikawa ndefu kama chumba cha studio, mithili ya ukili unaongoja kushonwa mkeka. Na katika kuzinakili akairuka noti moja. Kwa ajili ya noti hiyo iliyokosekana, kinanda hakiendi sawa na ngoma: kimekengeuka kidogo, na sikio linalodhani limekwisha kuushika mwendo hupokonywa tena. Fundi hodari angaliisahihisha kasoro hiyo kabla ya chakula cha mchana. Ashukuriwe Mungu kwamba studio haikuwa na fundi hodari kiasi hicho siku ile.

Jalada ndilo lililoleta kisa mashuhuri zaidi, nacho, kwa maoni yangu, kimetiwa chumvi. Mchoraji Peter Saville aliiona diski laini ya kompyuta kwa wanamuziki hao, akapendezwa na umbo lake, akalitengeneza jalada kwa mfano wake, likiwa na matundu yaliyokatwa na mfuko wa rangi ya fedha ndani, na majina yakageuzwa kuwa alama za rangi pembeni. Gharama ya kukata ilikuwa kubwa, na Tony Wilson, mmoja wa wenye kampuni, alipenda kusema kwamba kila nakala iliyouzwa iliwatia hasara ya peni kadhaa. Majalada ya baadaye yalichapwa bila matundu, kwa hiyo hasara, kama ilikuwapo, haikuzifuata nakala zote. Fedha zilikwenda kwingine: Haçienda, ukumbi wa dansi uliofunguliwa Mei 1982 kwa mtaji wa Factory na mapato ya New Order, ulimeza faida mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1992 kampuni ikafilisika. Mashauri ya kuiuza yalipofika mezani, mnunuzi aligundua kwamba kwa mkataba wa Factory kazi zote zilikuwa mali ya wanamuziki, na kampuni haikuwa na cha kuuza. Hapo ndipo palipostahili kicheko kuliko kwenye matundu ya karatasi.

Nao wimbo ulipanda hadi nafasi ya 12 katika chati za Uingereza masika ya 1983, ukashuka, kisha ukarudi vuli na kufika nafasi ya 9. Nakala zake zikapita milioni moja, na hakuna santuri ya inchi 12 iliyouzwa zaidi kuliko hiyo Uingereza. Yalitoka matengenezo mapya mwaka 1988, yakafika nafasi ya 3, yakiwa yamesafishwa na kufupishwa. Msomaji anayetaka kuujua wimbo huu asianze na hayo. Atafute ule wa 1983, auache uende dakika zake zote, na kinanda kinapoingia akihesabie hatua.