SOMO LA REDIO: KUBADILI PAMPU YA MAJI YA MOTOKAA

Leo kila mtu awe na kalamu na karatasi. Katika kazi tutakayoisoma, kalamu itatufaa kama spana. Sababu yake mtaiona mbele.

Somo la leo ni juu ya pampu ya maji ya motokaa. Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kazi ya pampu. Pili, jinsi ya kujua ya kuwa imechoka. Tatu, jinsi ya kuitoa na kutia nyingine, nyumbani, chini ya mwembe.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sina motokaa, somo hili lanihusu nini?" Lakini katika vikundi vyetu yuko dereva, yuko utingo, na yuko mwanachama wa ushirika wenye gari la kuchukulia mazao. Gari likifa, mazao huoza na mgonjwa huchelewa kufika hospitali. Basi na tusikilize sote.

KAZI YA PAMPU

Petroli inapowaka ndani ya injini hutoa joto kali. Sehemu ya joto hilo huendesha gari. Sehemu nyingine hubaki katika chuma cha injini. Isipoondolewa, chuma hupanuka mno, oili huwa nyepesi kama maji, na mwisho injini hukwama.

Kwa hiyo ndani ya chuma cha injini zimeachwa njia za maji. Maji hupita humo na kuchukua joto. Kisha huenda katika rejeta iliyo mbele ya gari, yakapita katika vibomba vyembamba. Upepo huyapoza, nayo hurudi kwenye injini. Huzunguka hivyo wakati wote injini inapofanya kazi.

Nani huyasukuma maji hayo? Ni pampu. Fikirini moyo na damu. Moyo si mkubwa, lakini ukisimama, mwili wote husimama. Ndani ya pampu mna gurudumu dogo lenye mapanga. Mkanda wa feni huzungusha puli, puli huzungusha shafti, na mapanga yaliyo mwisho wa shafti husukuma maji. Shafti huzunguka katika beringi. Karibu na beringi pana sili, ambayo huzuia maji yasifike kwenye beringi. Beringi na sili ndizo zinazochoka mara nyingi.

DALILI ZA PAMPU ILIYOCHOKA

Pampu haifi bila kutoa habari. Dalili ya kwanza ni maji. Chini ya pampu nyingi pana kitundu kidogo. Sili ikichoka, maji hutoka hapo, kwanza tone moja moja. Wako watu ambao wakiyaona hukiziba kitundu kwa kijiti au sabuni. Msifanye hivyo. Kitundu hicho kiliwekwa makusudi. Ukikiziba, maji yatakwenda kwenye beringi na kuiharibu upesi.

Dalili ya pili ni sauti, kama jiwe la kusagia lililokosa nafaka. Dalili ya tatu ni kulegea. Zima injini, ipoe, kisha shika feni na uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi imekwisha. Dalili ya nne ni mshale wa joto kupanda, hasa gari linapopanda mlima na mzigo. Madereva wanaopanda Kitonga kwenda Iringa wanajua jambo hili. Gari hupanda polepole, upepo unaopita katika rejeta ni mdogo, na injini inafanya kazi nyingi. Mahali kama hapo, pampu dhaifu hujulikana.

Lakini msiihukumu pampu kabla ya kuwaangalia jirani zake. Mkanda ukilegea, pampu haizunguki barabara. Mpira wa rejeta ukipasuka, maji hupotea. Mfuniko wa rejeta ukichoka, au tamostati ikikwama, gari huchemsha vilevile. Angalia hayo kwanza, usije ukanunua pampu bure.

Mkiona dalili za kweli, msingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Injini ikichemsha sana, gasketi ya silinda hedi huungua, na hedi iliyofanywa kwa alumini hupinda. Hapo mtu aliyekataa kununua pampu moja atalipia injini nzima.

HATARI YA MFUNIKO

Kabla ya kushika spana, sikilizeni neno hili kwa makini. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto.

Sababu ni hii. Pwani, katika sufuria ya kawaida, maji huchemka kwenye digrii 100. Mjini Iringa, mahali palipo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,500, huchemka karibu na digrii 95. Lakini mfuniko wa rejeta huyabana maji, na maji yaliyobanwa huweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, unayafungulia. Papo hapo hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Watu wameungua vibaya kwa njia hii. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kusikia moto.

VYOMBO VYA KAZI

Tuchukue mfano wa Land Rover ya zamani, ile ya Series III iliyotengenezwa tangu 1971 mpaka 1985. Mpaka leo ziko zinazotembea, na pampu yake iko mbele, mahali panapofikika kwa mkono. Tafuteni hivi: pampu mpya, gasketi yake, spana za inchi, bisibisi, karai, matambara, msasa laini, na kipande cha boksi. Ukienda dukani, chukua namba ya gari, au pampu ya zamani ikiwa imekwisha kutolewa.

Katika baadhi ya magari pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi ulio ndani ya mfuniko. Mkanda huo ukirudishwa vibaya, injini yaweza kuvunjika. Gari la namna hiyo mpelekee fundi.

HATUA ZA KAZI

Hatua ya 1. Simamisha gari mahali pa sawa. Vuta breki ya mkono na uweke jiwe kwenye gurudumu. Injini ipoe kabisa. Fungua waya wa betri unaokwenda kwenye bodi.

Hatua ya 2. Fungua mfuniko wa rejeta. Weka karai chini, kisha fungua bomba lililo chini ya rejeta, na lile la ubavuni mwa injini. Maji ni karibu lita 10. Ikiwa yametiwa kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, usiyaache wazi. Dawa hiyo ina utamu, nayo ni sumu. Mtoto au mbwa akiyanywa aweza kufa.

Hatua ya 3. Legeza bolti za feni kabla ya kutoa mkanda, kwa kuwa mkanda ndio unaoshika puli isizunguke. Kisha legeza altaneta, isukume kuelekea injini, na utoe mkanda. Toa kinga ya feni ikiwapo, halafu feni na puli.

Hatua ya 4. Legeza klipu na utoe mipira inayoingia katika pampu: mpira mkubwa utokao chini ya rejeta, na ule mfupi uendao kwenye nyumba ya tamostati. Mpira uliopasuka au kuwa mgumu usiurudishe.

Hatua ya 5. Sasa ndipo kalamu inapofanya kazi. Bolti za pampu hazilingani urefu. Ukitia ndefu mahali pa fupi, itagota kabla ya kubana, au itapasua chuma. Basi chora umbo la pampu juu ya boksi. Kila bolti unayoitoa, toboa boksi mahali pake na uichomeke hapo. Andika namba kando yake: 1, 2, 3, mpaka mwisho. Mtu anayejua kuandika namba hana haja ya kutegemea kumbukumbu.

Bolti iliyoshikwa na kutu usiilazimishe. Itie mafuta, ungoje, kisha uizungushe kidogo mbele, kidogo nyuma. Bolti zote zikitoka, gonga pampu polepole kwa ubao mpaka iachie. Usichokonoe kwa bisibisi katikati ya vyuma viwili. Ukikwaruza uso wa chuma, maji yatapata njia.

Hatua ya 6. Ziba tundu la injini kwa tambara safi ili uchafu usiingie. Kwangua gasketi ya zamani yote, kisha pitisha msasa polepole mpaka uso uwe laini. Weka pampu mbili sambamba, ya zamani na mpya, uhesabu matundu. Zikiwa sawa, toa tambara, weka gasketi mpya, na upachike pampu.

Hatua ya 7. Rudisha kila bolti mahali pake kwa kufuata boksi lako. Zianze zote kwa vidole. Kisha zikaze kwa spana kidogo kidogo, ukivuka kutoka upande huu hadi wa pili, usizikaze kwa kufuatana. Hivyo gasketi hubanwa sawasawa. Usitumie nguvu zote. Bolti hizi ni ndogo na hukatika.

Hatua ya 8. Rudisha mipira, puli, feni, kinga na mkanda. Vuta altaneta ili mkanda ukaze. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukishuka kama sentimita 1, ni sawa. Ukilegea mno utateleza. Ukikaza mno utaiua beringi mpya.

Hatua ya 9. Funga mabomba yote mawili. Jaza rejeta polepole kwa kulanti na maji safi. Usitie maji ya bahari wala ya kisima chenye chumvi, kwa kuwa huleta kutu. Rudisha waya wa betri na uwashe injini, mfuniko ukiwa wazi. Angalia mapovu. Hewa iliyonaswa ikitoka, maji hushuka, ongeza. Maji yakitulia na kabla hayajawa ya moto, funga mfuniko. Acha injini ifike kwenye joto lake la kawaida huku ukichungulia kila kiungo kwa mbali na feni. Nguo zisining'inie. Kisha zima, ngoja ipoe, utazame maji tena. Kesho asubuhi tazama chini ya gari. Chini pakiwa pakavu, kazi imekwisha.

NENO LA MWISHO

Kabla ya kunawa mikono, andika katika daftari la gari tarehe ya leo, kilomita ambazo gari limekwenda, na maneno haya: "Pampu ya maji imebadiliwa." Atakayeendesha gari hilo baada yako hakuwapo chini ya mwembe. Atajua kwa kusoma.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

pampu, mkanda, puli, shafti, beringi, sili, gasketi, rejeta, mfuniko, kitundu

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tusizibe kitundu kilicho chini ya pampu?
2. Kwa nini mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto?
3. Gari lachemsha, lakini pampu haivuji wala haichezi. Utaangalia nini kwanza?
4. Boksi na kalamu vilitusaidia nini katika hatua ya 5?

Walimu, kila mwanafunzi achore pampu yenye bolti sita na kuandika namba zake. Asiyeweza bado kuandika asaidiwe na jirani yake. Kwaherini, ndugu wanafunzi, na kazi njema.